Damu Yangu Katika Friza ya Mama Mkwe

Siku hiyo sikukaribishwa kiti. Nyumba ileile ambayo mwaka mzima nilipokelewa begi langu la spana mlangoni na kuitwa "mkwe wetu fundi", leo nilisimama katikati ya sebule kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Mama Barafu alikaa kwenye sofa kubwa, mikono kifuani. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu anauza barafu na juisi dirishani kwake, na friza yake nyeupe imekaa palepale sebuleni ikinguruma mchana kutwa. Kando yake alikaa mjomba, kaka yake, amevaa koti. Mjomba yule akivaa koti, ujue kuna mtu anakwenda kuhukumiwa. Na kwenye kiti cha pembeni, karibu na mlango, kichwa chini, alikaa mwanamume niliyekuwa niolewe naye mwisho wa mwezi.

Wanamwita Taratibu. Anaendesha pikipiki ya kliniki, anabeba damu za wagonjwa kutoka kwetu kwenda maabara kubwa ya mjini, na anaendesha polepole mpaka baiskeli zinampita. "Damu haitikiswi," huwa anasema. Nilimpenda kwa hilo kwanza, kabla hata sijapenda mabega yake.

"Tumepata habari," alianza mjomba.

"Habari gani, mjomba?"

"Habari ya damu."

Kumbe ndiyo hiyo. Nilimtazama Taratibu. Hakuinua kichwa.

Mimi ninaishi na virusi. Silisemi kwa kunong'ona, na sikumficha mtu yeyote ndani ya nyumba ile. Taratibu hana. Aliposema atanioa mimi na si mwingine, mama yake alilia siku nzima, kisha akataka aende kliniki akasikie mwenyewe. Daktari akamweleza vizuri: mtu akimeza dawa zake bila kuruka, virusi vinafubaa, kipimo cha wingi wa virusi hakivioni tena, na hapo hawezi kumwambukiza mwenzake. Mama Barafu akarudi nyumbani na sharti moja. "Visipoonekana, wewe ni mkwe wangu. Siku vikionekana, usikanyage kwangu." Nikakubali kwa moyo mweupe, kwa sababu dawa zangu sijawahi kuziruka, hata nikiwa juu ya paa la mtu nafunga kiyoyozi.

Halafu majibu yakaja. Virusi vimepanda, tena si kidogo. Sista wa kliniki alinisomea kwa sauti ya kumsomea mwizi mashtaka. "Dawa unazimwaga wapi, mama? Chooni au kwenye maua?" Niliapa mbingu na ardhi. Akacheka. Akanipangia vikao vya kufundishwa namna ya kumeza kidonge, mimi niliyeanza kumeza vidonge hivyo yeye akiwa bado anasuka nywele za shule. Na ubaya wake ni kwamba dawa zangu ni za daraja la pili. Zile za mwanzo zilishachoka. Hizi nazo zikishindwa, zinazofuata ni za kuomba na kusubiri, na kuna watu wamezisubiri hawakuziona.

Nilitoka pale nikampigia Taratibu nikilia. Akasema, "Pole, mpenzi." Basi. Pole, mpenzi! Na tangu hapo simu zake zikawa fupi, na macho yake nikawa siyapati.

"Habari hiyo nilimpa mtoto wenu mwenyewe," nilimjibu mjomba. "Sikuificha."

"Habari hukuificha," alidakia Mama Barafu, "lakini dawa humezi."

"Nameza, mama."

"Kwa hiyo mashine ndiyo imedanganya?"

"Sijui mashine imefanya nini. Najua mimi nimefanya nini."

Mjomba alikohoa kidogo, akaweka sawa koti lake. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Mjomba, maradhi nimeyaficha wapi? Unayajua wewe, anayajua dada yako, anayajua mpaka anayetuuzia nyanya. Tafuta methali nyingine."

"Unaona mdomo huo?" Mama Barafu alimgeukia kaka yake. "Unaona? Na hayo macho je? Njano tupu! Wateja wananiuliza dirishani, mama, huyo mkweo anakunywa nini? Nawaambia hanywi. Kumbe najidanganya. Mtu mlevi atakumbuka dawa saa ngapi?"

Hapo nilimgeukia Taratibu. Sikukosa jibu. Jibu lilikuwepo, ila lilikuwa mdomoni mwa mtu mwingine, na nilitaka kuona kama atalitoa.

Niwarudishe nyuma kidogo. Tulijuana kliniki, mimi nimelala chali nyuma ya friji ya dawa, yeye akaingia na boksi lake la damu, akaniambia bila hata salamu, "Fundi, baridi, siyo barafu. Ukiiweka igandishe tutaumizana." Nikamwambia, "Kaka, friji nimeanza kuzifungua wewe hujajua kufunga kamba za viatu." Akacheka mpaka akakaa chini. Wenzangu wanatongozwa kwa maua, mimi nilitongozwa kwa chupa za damu. Jioni moja barazani kwangu alinichorea kabisa, kwa chaki, juu ya sakafu: chupa yenye jeli katikati, chini damu nzito, juu maji ya damu. Yale maji ndiyo yanayokwenda kupimwa. Chupa ikiganda nzima nzima, chembe za chini zinapasuka, mabaki yake yanapenya yanakwenda juu, na mashine inahesabu takataka zile kama virusi vilivyo hai. Mtu mzima salama anaonekana mgonjwa. "Ndiyo maana nasema baridi, siyo barafu," akanimalizia, na chaki imemjaa puani.

Jioni hiyohiyo ndiyo aliyoniuliza habari ya macho. Aliyatazama muda mrefu, kwa namna ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kuyatazama. Nikamweleza ukweli: ni dawa. Hizi ninazomeza sasa zinapandisha rangi ya nyongo kwenye damu, inakwenda kukaa machoni. Haiumi, haidhuru. Daktari aliniambia mtu akiacha kuzimeza, macho yanarudi meupe. Taratibu akanishika kidevu. "Basi mimi nikiyaona ya njano," alisema, "nitajua mpenzi wangu yupo salama." Nilikwenda kulala na maneno hayo, nikaamka nayo.

Sasa mama yake ananiita mlevi kwa macho hayohayo, na yeye amekaa pale anachezea ufunguo wa pikipiki.

"Na wewe?" nilimuuliza. "Huna la kusema?"

"Mimi..." Aliugeuza ufunguo. "Kipimo ni kipimo, Fundi."

Jamani! Niwaambie, ningeweza kuvumilia tusi. Ningeweza kuvumilia hata kusikia amepata mwingine. Lakini maneno matatu makavu vile, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo ukutani! Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Kipimo ni kipimo?" nilisema. "Nitazame usoni useme tena."

Hakunitazama.

"Usimfokee mwanangu!" Mama Barafu alisimama. "Wewe ni mtu wa kushukuru! Sisi hatuna ubaguzi humu ndani. Nyumba gani nyingine ingekubali? Sahani umekulia hizi hizi. Kitanda cha wageni umelalia. Hata damu za wagonjwa wenzako zimelala humu ndani ya friza yangu, ubavuni mwa barafu zangu za biashara, nikanyamaza! Nani angevumilia? Niambie, nani?"

Friza ikanguruma, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Zimelala wapi, mama?" nilimuuliza.

"Humu!" Akaipiga friza kofi. "Siku ile ya mvua kubwa, barabara ya mjini ilipofungwa. Kaja kalowa chapachapa, boksi kifuani kama kabeba mtoto, vile vipande vyake vya barafu vimeyeyuka vyote. Akaliingiza boksi zima humu. Asubuhi namkuta dirishani amezianika chupa juani kama soksi. Nikasema neno? Sikusema neno."

"Mama," alisema Taratibu.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama yake siku hiyo, na alivyomwita nilijua kila kitu. Siku ya mvua kubwa ndiyo siku niliyotoa damu. Alikuwepo pale kliniki akisubiri chupa zijae, akanikonyeza nikiwa bado nimekunja mkono na pamba. Nilicheka njia nzima kurudi kazini nikiwa nimelowa.

Nilikwenda mpaka kwenye friza, nikafungua mfuniko. Baridi ikanipiga usoni. Friza ile niliitengeneza mimi. Nilibadilisha temostati, kile kidude kinachopanga baridi, kwa mikono yangu, bure, zawadi ya mkwe, na niliijaribu kwa chupa ya soda ambayo ilipasuka ndani ya usiku mmoja. Tulicheka sana siku hiyo, mimi na Mama Barafu, tukiokota vigae.

"Baridi, siyo barafu," nilisema. Sikumgeukia. "Nani alinifundisha maneno hayo?"

"Fundi, nisikilize."

"Nakusikiliza. Nimekuja kusikiliza, si nimeitwa?"

Akasimama. Sauti ilikuwa inamtetemeka. "Niliogopa itaharibika kwa joto. Yako ilikuwemo. Nikaona nikiiacha mezani itaoza, nami nitakuwa nimeiozesha damu yako. Nilitaka iwe baridi tu, kidogo tu, nikasema nitaamka niitoe. Nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka zilikuwa mawe."

"Na ukazipeleka."

"Zilipoyeyuka zilionekana safi. Maji juu, damu chini. Nikasema labda haitadhuru."

"Labda," nilirudia. "Na nilipokupigia nikilia? Ulijua?"

Akatazama sakafu.

"Taratibu, nakuuliza. Siku ile nalia kwenye simu, ulijua?"

"Nilihisi," alisema.

Basi mimi si mtu wa kupiga kelele. Kazi yangu inataka mkono uliotulia. Lakini siku hiyo sauti iliyonitoka iliwatoa watoto waliokuwa wananunua juisi dirishani, wakakimbia na chenji yao.

"Ulihisi! Mimi naitwa muongo, wewe unahisi! Naambiwa namwaga dawa chooni, unahisi! Mama yako ananiita mlevi mbele yako, na unajua, unajua kuliko mtu yeyote duniani hii njano ni ya nini, unakaa hapo unachezea ufunguo! Kulikuwa na haja gani ya mashine? Ungeniangalia tu machoni! Si ndivyo ulivyosema barazani kwangu? Nikiyaona ya njano nitajua mpenzi wangu yupo salama! Uliyasema hukuyasema?"

"Niliyasema."

"Sasa kwa nini?"

"Kazi," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. "Wakijua nimegandisha damu, wananifukuza. Nikasema utarudia kipimo, kitatoka kizuri, yataisha yenyewe. Nilikosea. Nilikosea sana, Fundi."

Mama Barafu alikuwa ameketi tena, anatutazama kwa zamu. Si mjinga mama yule. Ilimchukua muda mfupi tu.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "dawa unameza."

"Nameza, mama. Nilikwambia."

"Na hayo macho..."

"Ni dawa zenyewe. Muulize mwanao."

Aliinamisha kichwa, na kusema kweli nilimwonea huruma kidogo. Lakini mjomba hakuinamisha chochote. Mjomba alivua koti, akalikunja vizuri juu ya magoti, akatabasamu tabasamu la mtu aliyepata suluhu.

"Basi, yamekwisha!" alisema. "Kumbe ni bahati mbaya ya chupa tu. Mwanangu, tunakuomba radhi. Makosa ni ya binadamu. Harusi iko palepale, tena mimi nasema isingoje mwisho wa mwezi, iwe wiki ijayo. Utarudia hicho kipimo chako kimyakimya, kitatoka safi, hakuna atakayejua. Ya ndani yabaki ndani. Au siyo, dada?"

"Ni kweli," alisema Mama Barafu, uso ukamchangamka. "Mkwe wangu, keti. Jamani, hata kiti hatukumpa! Keti, mama. Kazi ya mwanangu ndiyo itakayowalisha nyinyi na wajukuu zangu. Mwanamke mwenye akili anafunika kombe."

Akasogeza mto wa sofa, akaupigapiga. Hapohapo nilipokuwa nikikaa siku zote.

Nilitaka kukaa. Siwadanganyi. Nilimpenda yule mwanamume na machozi yake, na nilichoka kusimama. Wiki ijayo ningekuwa mke wa mtu, na karatasi yangu ingerudi safi, na sista yule angebaki na mdomo wake wazi. Yote niliyokuwa nayataka yalikuwa juu ya mto ule.

"Boksi lilikuwa na chupa yangu peke yake?" nilimuuliza Taratibu.

Akafumba macho. "Lilijaa."

"Lilijaa watu."

"Lilijaa watu," alikubali.

"Mama Kijacho alikuwemo?"

Mama Kijacho ndivyo tunavyomwita pale kliniki, kwa tumbo lake. Tulitoa damu siku moja, tukaitwa kwa majibu siku moja, tukalia benchi moja. Nilidhani kilio changu ni kikubwa mpaka nikasikia chake. Sista alimwambia anamuua mtoto aliye tumboni kwa uzembe wake. Mume wake, aliyekuwa amemsindikiza, alisikia yote. Alimtolea nguo zake nje jioni ileile. Akamwambia mwanamke anayetupa dawa za kumkinga mwanawe anaweza kufanya lolote, na hata tumbo lenyewe hajui ni la nani.

"Alikuwemo," alisema Taratibu. "Chupa zenu zilipakana."

"Analala kwa dada yake, kwenye jamvi, na tumbo la miezi minane. Ulijua hilo?"

"Sikujua."

"Sasa umejua." Nilichukua begi langu la spana. "Mjomba, asante kwa harusi. Siitaki hiyo ya wiki ijayo. Mimi nimebahatika, nimepata mtu wa kumuuliza. Wale wengine wanamuuliza nani? Wapo wanaobadilishiwa dawa bure. Wapo wanaopigwa. Nikae hapa nivae shela juu ya migongo yao?"

"Utamfukuzisha kazi mwanangu!" Mama Barafu alipiga kelele. "Kwa ajili ya watu usiowajua!"

"Nawajua, mama. Tunakaa benchi moja."

"Ukitoka mlango huo usirudi!"

"Sasa hivi umeniambia keti, sasa unaniambia nisirudi," nilisema. "Chagua moja ubaki nayo."

Mlangoni nilisimama mbele ya Taratibu. Alinitazama hatimaye. Macho mekundu kwa macho ya njano, na Mungu anisamehe, mkono wangu ulitaka kumfuta shavu. Niliushikisha begi.

"Nakwenda kwa daktari," nilimwambia. "Nitasema yaliyotokea. Ningependa uyaseme wewe. Ila yatasemwa leo."

Nikatoka.

Nilitembea. Jua lilikuwa kali na begi zito, na kila pikipiki iliyolia nyuma yangu moyo uliruka, nikajilaani, haikuwa yeye. Nilipita duka la vioo, nikapita kwa mafundi magari wanaonijua, mmoja akaniita, "Fundi, leo vipi, umenuna?" sikumjibu. Nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa naapa kwamba sitalia mbele ya sista yule. Na nilikuwa namtukana Taratibu kwa majina ambayo sitayaandika, kisha namwombea aje.

Hakuja. Nilifika lango la kliniki peke yangu, nikawaza, haya basi, ndivyo alivyo.

Halafu nikaiona pikipiki. Imeegeshwa hovyo mbele ya ngazi, injini bado inatoa moshi, vumbi mpaka kwenye kiti. Alipita njia ya nyuma, ile ya mashimo, ambayo hajawahi kuipita na damu. Mtu anayeitwa Taratibu alikuwa amenitangulia.

Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Sista alisimama hapo na faili mkononi, amesahau alikokuwa anakwenda nalo. Benchi zima lilikuwa kimya. Nikasikia sauti yake, ileile inayotetemeka, lakini haikukatika.

"Niliziweka kwenye friza ya mama, daktari. Zikaganda zote. Niliziyeyusha juani nikazipeleka, nikanyamaza. Wote wa boksi lile waiteni warudie. Hawajakosea kitu. Kosa ni langu."

"Unajua maana yake?" aliuliza daktari.

"Najua."

Ufunguo uliwekwa juu ya meza. Niliusikia.

Daktari aliponiona mlangoni alinyanyuka, akanipeleka dirishani kwenye mwanga, akanivuta kope ya chini kwa kidole. Kisha akafungua faili langu na kusoma, mara ya kwanza kwa makini, nadhani, tangu majibu yale yaje.

"CD4 yako, hesabu ya kinga ya mwili, haijashuka hata kidogo," alisema. "Rangi ya nyongo iko juu, kama inavyotakiwa kwa anayemeza dawa hizi. Vipimo viwili vilikuwa vinakutetea, na tukashika kile kimoja kilichokushtaki." Akafunga faili. "Sista, mtoe damu upya. Na umwombe msamaha."

"Asiniombe mimi kwanza," nilisema. "Yupo mwingine ana tumbo."

Mama Kijacho hakuwa mbali. Alikuwa kwenye benchi la mwisho, amekuja kwenye vile vikao vya kufundishwa kumeza, amekumbatia mfuko wa nguo. Alikuwa amesikia yote. Alinyanyuka kwa shida, akaja mpaka mbele ya Taratibu, na mimi nikajua atampiga, na nisingemzuia.

Hakumpiga. "Wewe," alisema. "Mimi nikimwambia mume wangu, hataamini. Mdomo wangu kwake ushakuwa wa muongo. Utakuja wewe umwambie. Kwa mdomo wako. Leo."

"Nitakuja," alisema Taratibu.

"Anaweza kukupiga."

"Nitakuja."

Nilitolewa damu. Sista aliishika chupa yangu kama yai, akaomba msamaha kwa sauti ndogo, nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nimesamehe. Hayo ni mambo mawili.

Tulitoka watatu kwa miguu, maana pikipiki haikuwa yake tena. Mama Kijacho alitangulia, mkono kiunoni. Taratibu alitembea kando yangu, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Alinyoosha mmoja kwenye begi langu la spana. Nikamwachia. Zito, na mimi nilichoka.

"Bado umekasirika," alisema.

"Sana."

"Utakasirika mpaka lini?"

"Usiniulize kama unauliza basi linaondoka saa ngapi."

Akahamishia begi bega la pili. Kisha nikahisi ananitazama. Nikageuka. Alikuwa ananiangalia machoni, moja kwa moja, bila kupepesa, kama jioni ile ya chaki.

"Unatazama nini?"

"Nasoma majibu," alisema. "Nilichelewa kuyasoma."

Nilitazama mbele nisije nikamrahisishia mambo. "Soma vizuri," nilimwambia. "Na ukimaliza, kaza mwendo. Leo hubebi damu."

Nyumba ya Mama Kijacho ilikuwa na mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu. Nguo za mwanamume zilikuwa zimeanikwa peke yake kwenye kamba. Mama Kijacho alisimama nyuma yangu, akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi kabisa.

Taratibu aliweka begi chini. Akagonga.

"Nani?" sauti nzito iliuliza ndani.

Alinigeukia. Sikumsaidia hata kwa ukope.

"Mimi ndiye niliyebeba damu ya mke wako," alisema. "Nifungulie, kaka. Yeye hakukosa kitu."

Ndani kiti kilisogezwa, na komeo likaanza kuvutwa.